Neno Moja, Mikono Mitatu

Dada yangu alikuwa ameshika wembe kwa mkono wa kushoto, na koti la binti yake lilikuwa tayari limepoteza mkono mmoja. Mkono wenyewe ulilala juu ya meza ya kukatia, mtupu, umekunja kiwiko kama mtu aliyechoka kusubiri.

"Mama!" binti alipiga kelele. "Mama, hilo koti nalivaa Jumatatu!"

"Fiti," alisema dada yangu, akaanza kufumua mkono wa pili.

Mimi nilikuwa nyuma ya cherehani na glasi yangu ya chai, nikaganda hapohapo. Nimeona mengi maishani. Nimechimba visima, nimepika kwenye meli ya mizigo, nimelala juu ya magunia ya saruji nikivuka mipaka ambayo hata sikujua kama ni mipaka. Lakini mtu anayeanza ubishi kwa kufumua mshono nilikuwa sijamwona bado.

Ubishi wenyewe ulihusu begi lililokuwa mlangoni. Binti alikuwa amekuja na gari la jana, akalala, akaamka, akakunja nguo za mama yake moja moja, akazipanga humo. Gari la kurudi lilikuwa linapita alasiri. Alikuwa amekata shauri kwamba mama yake hatabaki tena peke yake kwenye kile chumba chenye duka mbele na kitanda nyuma ya pazia. Alikuwa ametuambia hivyo tukiwa tumekaa, kwa sauti ya upole, kama mtu aliyeifanyia mazoezi njiani. Dada alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamvua koti.

Kuhusu lile neno, itabidi nirudi nyuma kidogo.

Dada alijifunza kazi kwenye kiwanda cha sare, akiwa msichana. Mwisho wa meza ndefu alisimama mkaguzi, mzee mkavu asiyejua kucheka. Kila vazi lililomfikia alilivuta mabega, akaligeuza nje ndani, akapitisha ukucha kwenye mishono. Likimridhisha alitamka neno hilo moja la Kiingereza, fiti, akalisukuma upande. Lisipomridhisha lilirudi lilikotoka, wala hakusema kosa liko wapi. Ukalitafute mwenyewe. Dada alitoka kiwandani na vitu viwili, mkasi mzito na neno la yule mzee.

Sisi wengine neno hilo tulikuwa tunalitumia ovyo. Gari likiwaka, liko fiti. Mtu akiinuka kitandani baada ya homa, yuko fiti. Mambo? Fiti. Nimelikuta kila nilikopita, gereji, bandarini, kwenye foleni za vibarua, mahali ambapo hatukuelewana lugha hata ya kuombana maji. Mtu anakutazama unavyofunga kamba ya mzigo, unamwonyesha dole gumba, anasema fiti, kazi inaendelea. Nimewahi kufanya kazi msimu mzima na mtu ambaye hatukuwa na neno lingine kati yetu, na tulipoagana tulikumbatiana.

Dada alikuwa bahili nalo. Mteja alisimama mbele ya kioo chake amebana pumzi kama anasubiri matokeo ya mtihani, naye dada anazunguka na pini mdomoni, anavuta hapa, anaachia pale, anatikisa kichwa. Aliweza kumrudisha mtu mara tatu kwa suruali ya kawaida tu. Watu walilalamika, walimwita majina, na walirudi. Siku anapolitamka, mteja anatoka dukani kifua mbele, na kinyozi wa chumba cha pili anamwuliza, "Amesema?" Akijibu "amesema," kinyozi anampa mkono wa pongezi kabisa.

Kisha yakampata yaliyompata. Alianguka kati ya meza na cherehani, asubuhi, kazi ikiwa mkononi. Kinyozi aligundua kwa sababu ukuta wake umezoea kutetemeka cherehani ikienda, na siku hiyo haukutetemeka. Alimkuta macho yako wazi, mguu wa kulia na mkono wa kulia vimelala. Hospitali walimtunza vizuri. Walisema maneno yatarudi polepole, labda yote, labda baadhi.

Lilirudi moja. Lilelile.

Hebu fikiria mtu aliyeunguliwa nyumba, akabaki na lile shati lake zuri tu, la kuvaa siku moja moja. Sasa inabidi alilimie, alipikie, alilalie. Ndivyo alivyofanya dada yangu na neno lake. Maji ya kunywa, fiti. Moto sana, fiti. Toka hapo unanizibia mwanga, fiti. Kwa kila kitu alichokuwa nacho moyoni palikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea.

Nilikuja kumjulia hali na kuondoka. Ndivyo ninavyokuja kila mahali. Nilimkuta amekaa mezani, mkono wa kulia ameupakata juu ya kitambaa kama jiwe la kuzuia upepo, wa kushoto unachora kwa chaki, mistari inayumba, anaifuta, anachora tena. Hakuniangalia hata usoni. Alinitazama mikono, kisha akanionyesha cherehani kwa kidevu.

"Dada, mimi nimeshona maturubai ya malori tu," nilimwambia.

"Fiti," alinijibu, kwa sauti ambayo nilikuwa sijaisikia tangu tukiwa wadogo, ya kuniambia nisimpotezee muda.

Basi nikakaa. Kati yetu tulikuwa na mikono mitatu mizima. Yeye alipima, alikata, alipiga bandi kwa mkono wa kushoto, mishono mirefu ya kushikiza tu. Mimi nilifuata bandi kwa mashine, mstari ulionyooka, kama kwenye turubai. Mabega, kola na mikono hakuniruhusu kugusa, hivyo alivishona mwenyewe kwa sindano, kidogo kidogo, siku nzima. Nikikosea alinipiga kidoleni kwa futi ya kupimia. Nilijifunza kumsikia, na hata sijui nilijifunzaje. Likitoka fupi puani, hapana. Likipanda mwishoni, anauliza. Likivutwa, njoo, haraka, hebu. Palikuwa na moja la kunong'ona, alilompa mama mmoja aliyekuja kupunguza nguo za mumewe ili mwanawe azivae. Yule mama alikaa kwenye kiti cha wateja akalia, na alipoondoka alimshukuru dada kwa maneno mazuri aliyomwambia.

Halafu akaanguka tena. Si vibaya, aliteleza kizingitini wakati mimi nimekwenda kununua uzi, akapasuka juu ya jicho. Lakini mtoto hasikii "si vibaya". Anasikia "tena". Ndipo binti akapanda gari.

Turudi pale kwenye wembe.

"Mjomba, mwambie!" mpwa wangu alinigeukia. Alikuwa amebaki na blauzi, mikono kiunoni, na hasira zake zilikuwa za mama yake kabisa. "Jumatatu nakaa mbele ya watu sita wananihoji. Naomba ukuu wa idara. Nimelinunua kwa ajili hiyo!"

"Mwambie wewe. Ni mama yako."

"Mama, koti lilikuwa na nini?"

Dada alimgeuza akamsimamisha mbele ya kioo. Alishika kipande cha mgongo wa koti, akakiweka mahali pake, akavuta. Hata mimi mtu wa maturubai niliona. Koti lilikuwa linambana mabegani na kumrudisha nyuma, kana kwamba kuna mtu amemshika ukosi. Angekaa mbele ya wale watu akiwa na umbo la mtu anayeomba radhi. Na ni kweli pia kwamba koti likishafumuliwa, mtu hapandi gari. Sijui lipi lilitangulia kichwani mwa dada. Namjua, nadhani yalikuja pamoja, na hilo ndilo ninalomvulia kofia mpaka leo.

"Litakwisha kabla ya gari?" aliuliza mpwa wangu, akiwa amekaa sasa.

"Fiti," alisema dada, bila kuahidi chochote.

Kwa hiyo binti alikaa nasi kutwa, amejifunika shuka begani, akizitazama nguo alizozifungasha na mlango ambao haukutulia. Kinyozi aliingia kuazima mkasi, kama kila siku, na kama kila siku alinyimwa.

"Fundi, ukucha tu! Nakata ukucha mmoja!"

"Fiti."

"Sikiliza anavyonitukana mbele ya mtoto wake," kinyozi alimwambia mpwa wangu. "Mama yako zamani alikuwa ananinyima kwa adabu."

Mpwa wangu alicheka bila kutaka.

Karibu na adhuhuri alikuja mchukuzi wa sokoni. Huyu miaka ya magunia ilikuwa imemshusha bega moja, na shingo imelalia huko huko. Alikuwa anamwoza binti yake, na alikuwa ametembea kwa mafundi wengine akapewa makoti yanayomfanya aonekane amesimama kwenye shimo kwa mguu mmoja. Dada alimvisha koti lililoshikizwa kwa bandi. Alimzunguka taratibu, akiburuta mguu, mkono wake mzima ukipita mgongoni kwake kama wa mtu anayetafuta swichi gizani.

"Fiti," alisema kwenye kwapa, akachomeka pini. "Fiti," kwenye kola, kwa uchungu. Chini ya bega lililoshuka, "fiti, fiti, fiti," akang'oa bandi yote.

"Ananigombeza huyu," mchukuzi alisema, macho mbele kama askari. "Kama mimi ndiye nimejiumba."

Dada alijaza bega hilo kwa vipande vya pamba na bitana, akapunguza kwenye lile jingine, akarudi nyuma, akaja mbele. Kisha akanyamaza. Alimtazama juu mpaka chini, akainama akauma uzi uliokuwa unaning'inia, akaenda zake mezani.

Mchukuzi alishusha pumzi. Kwenye kioo alisimama mtu mwenye mabega mawili.

"Mbona hajasema?" mpwa wangu aliuliza. "Zamani alikuwa anasema."

"Akisema, bado," mchukuzi alimjibu. "Siku hizi akinyamaza ndiyo limekwisha." Alijigeuza upande, kisha upande wa pili, akajishika bega kama anayemshika rafiki. "Sasa huyu bwana harusi ataniogopa."

Mpwa wangu hakucheka. Alikuwa anamtazama mama yake akipanga pini kwenye kikasha, moja moja, kwa mkono wa kushoto. Sijui aliona nini. Mimi nilikuwa nimeona siku nyingi tu kwamba fundi yule hakuwa amepungua. Alikuwa ametoa muhuri wake akauweka katika matumizi ya nyumbani, kisha akajitafutia muhuri mwingine, ukimya, na wateja wakauheshimu vilevile.

Kivuli cha mlango kilikuwa kimeshavuka kizingiti pale dada alipomvika binti yake koti. Alikuwa ameachia mgongo, ametoa kitambaa kwenye pindo akakiongeza mahali pasipoonekana, mikono ameishikiza upya kwa bandi nyeupe. Mpwa wangu alinyoosha mikono mbele, akaikunja. Hakuna kilichomvuta. Alijitazama kwenye kioo, na shingo yenyewe ilijiinua bila kuambiwa.

Alisimama akisubiri ule ukimya. Haukuja.

"Fiti," alisema dada, mkono wake wa kushoto ukiwa begani kwa binti yake.

"Wapi, Mama? Wapi bado?"

"Fiti."

Akaendelea. Sijui nieleze vipi. Alizungumza. Sauti ilipanda ikashuka, ikapumzika mahali ambapo mtu hutia nukta, ikaendelea upya. Ilikuwa na hasira ndani yake, na mahali pamoja ilikuwa na mzaha, kwa sababu jicho lake lilicheka. Ilifika mahali ikatetemeka, akaikata, akaanza tena kutoka mbali kidogo, taratibu zaidi. Aliitazama meza alipoongea. Aliutazama mlango aliotokea mchukuzi. Nguo zilizofungashwa hakuzitazama hata mara moja. Neno lilikuwa lilelile kutoka mwanzo mpaka mwisho, na sikumsikia akilirudia.

Mpwa wangu alikuwa anamsikiliza kupitia kioo. Aliniangalia mara moja, kama watu wanavyomwangalia mkalimani. Nikatazama chini.

"Na ukianguka tena?" hatimaye alisema, kwa sauti ndogo.

"Fiti."

"Hapa? Uanguke hapahapa?"

"Fiti," alisema dada yangu, na akapiga meza kwa kiganja.

Gari moja lilipita nje, si lile la alasiri. Sote tulilisikiliza mpaka likapotea.

"Nani atakuokota, Mama?"

Dada aligeuka akanitazama. Alinitazama kama anavyotazama kipande cha kitambaa anachojua hakitoshi suruali, lakini duka limeshafungwa.

"Fiti," alisema, akahema.

Mpwa wangu aliangua kicheko, na katikati ya kicheko machozi yakamtoka. "Huyu? Mama, huyu leo yupo, kesho yuko juu ya lori!"

"Nitakaa," nilisema.

Nilishangaa mwenyewe. Nina maneno ya kuombea kazi katika lugha ambazo sizikumbuki nilizichukua wapi. Najua kusalimu, kubembeleza bei, kutukana na kuaga. Hilo la kukaa lilitoka likiwa jipya, limekakamaa kama kiatu ambacho hakijavaliwa.

"Mpaka lini, Mjomba?"

"Mpaka uchoke kuniuliza."

"Sitachoka. Mimi nakuuliza kila siku. Na siku usipopokea simu, napanda gari, na siji kwa ajili ya Mama, nakuja kwa ajili yako."

"Haya, mwanangu."

Alinikazia macho muda mrefu. Alikuwa anapima, kama walivyo watu wa ukoo wetu. Kisha akavua koti, akampa mama yake. Dada hakulipokea. Alinisukumia mimi.

Mikono ya koti. Hakuwa amewahi kuniachia. Nilimwambia, "Dada, hii sijui." Alivuta kigoda akakaa ubavuni kwangu, akaweka kidole kimoja juu ya kifundo cha mkono wangu, na nikaanza kukanyaga. Turubai unashona kwenda mbele tu. Mkono wa koti unazunguka, unarudi ulipoanzia, na pale mwanzo na mwisho vinapokutana ndipo fundi anapojulikana. Mimi sikuwa na mazoea ya kurudi nilipoanzia. Kila nilipotaka kukimbia, kidole kilinikandamiza. Nilipolegea, kiliniinua. Nilifumua wa kwanza, nikaushona tena. Mpwa wangu alikaa kwenye kiti cha wateja, shuka mabegani, na kwa mara ya kwanza tangu aje hakuwa anatazama saa.

Gari la alasiri lilipopiga honi alivaa koti akatoka. Begi alilikumbuka akiwa mlangoni, akarudi, akalifungua, akazirudisha nguo za mama yake nyuma ya pazia, zilezile alizozikunja, akazipanga kwenye kabati. Hakuharakisha, honi ilipiga mara ya pili. Alimkumbatia mama yake kwa uangalifu kwanza, kama mtu anayeshika glasi, kisha vizuri.

"Pindo la nyuma limepinda kidogo," aliniambia akiwa na mguu mmoja garini.

"Ni la kwangu hilo," nilisema.

"Najua. Usilinyooshe."

Jumatatu hatukufanya kazi ya maana. Dada alikata suruali ya mteja, akaikata vibaya, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaikunja akaiweka kando bila kuniangalia. Kinyozi alipitisha kichwa dirishani mara kwa mara akiuliza kama simu imelia, tukamfukuza, dada kwa neno lake na mimi kwa yangu.

Ililia mchana, nikiwa napiga pasi. Niliipokea mimi.

"Mjomba, upo?"

"Nipo."

"Vizuri. Mpe Mama."

Nilianza kumwuliza wamesemaje, wale watu sita. "Mpe Mama kwanza," alisema. "Hata mume wangu sijampigia."

Nilimwekea dada simu sikioni. Alisikiliza. Uso wake haukuniambia kitu, ulikuwa umeinama kuelekea ile sauti kama mtu anayechungulia tundu la sindano. Alisema neno lake, likapanda mwishoni. Sauti ya binti ilijibu kwa kirefu, haraka haraka. Dada alilisema tena, chini zaidi, kisha mara nyingine, na nikamsikia kule upande wa pili mtu mzima mwenye cheo au asiye na cheo akicheka kama mtoto, naye akaanza kujibu kwa neno hilohilo.

Nilizima pasi, nikachukua kiti, nikatoka nacho nje. Kinyozi alikuwa kizingitini kwake, mteja wake yuko ndani na povu mashavuni.

"Amepata?" aliuliza.

"Sijui."

"Sasa wanazungumza nini muda wote huo?"

"Hayanihusu," nilimwambia, nikakaa.